Programu Inapokataa Kujaribiwa: Dalili, Vyanzo na Tiba Zake

Mwongozo huu unamlenga mwanaprogramu aliyekabidhiwa mfumo ambao watu wanautumia kila siku, lakini ambao kila akiketi kuuandikia majaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama msimbo mwingine unatoa jibu sahihi, anakwama. Mifano mingi nimeitoa katika mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, ulioandikwa kwa lugha ya Python na Django, mkusanyiko wa msimbo wa kujengea mifumo ya wavuti, unaotunza data zake katika hifadhidata ya PostgreSQL na kupokea marejesho kwa njia ya malipo ya simu. Msomaji anayetumia Java au PHP ataona kwamba majina ya zana yanabadilika, ila maradhi ni yaleyale.

Kitendakazi (function) kilicho rahisi kujaribiwa ni kile kinachopokea kila kinachokihitaji kupitia vigezo vyake, kikakokotoa, kikarudisha jibu. Ugumu huanza pale kinapochukua kitu kingine kwa mlango wa nyuma: saa ya kompyuta, mpangilio wa safu katika hifadhidata, jibu la seva ya mbali, au thamani iliyoachwa na jaribio lililotangulia. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini swali langu la kwanza ni lilelile: ni ingizo gani limeingia humu ndani bila kubisha hodi?

Jaribio linapita mchana na kushindwa usiku, au mwisho wa mwezi

Chanzo karibu kila mara ni saa. Katika mfumo niliotaja, jaribio la kuhesabu siku za kuchelewa kulipa lilishindwa pale tu mwenzetu mmoja alipokesha kazini, na asubuhi likapita bila mtu kugusa chochote. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku tarehe ya UTC bado ni ya jana. Msimbo wetu ulisoma tarehe kwa njia mbili: sehemu moja ilitumia `date.today()`, ambayo ilifuata saa za Dar es Salaam, na nyingine ilitumia `timezone.now().date()`, ambayo katika Django iliyowekewa matumizi ya kanda za saa hurudisha tarehe ya UTC. Kwa saa tatu za kila usiku sehemu hizo mbili hazikukubaliana leo ni tarehe ngapi.

Ilikuwa rahisi kuliita jaribio hilo kigeugeu na kuliendesha upya asubuhi, na kwa wiki kadhaa ndivyo tulivyofanya. Kumbe lilikuwa linasema kweli: mwanachama aliyelipa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 11 aliandikiwa kwamba amelipa tarehe 10. Matengenezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kutumia `timezone.localdate()` mahali pote panapohitaji tarehe ya mwanachama. La pili, ambalo ndilo lililofanya msimbo ujaribike, lilikuwa kuitoa saa ndani ya hesabu na kuileta kama kigezo:

```
def siku_za_kuchelewa(tarehe_ya_mwisho, leo):
    return max((leo - tarehe_ya_mwisho).days, 0)
```

Saa sasa inasomwa mara moja tu, pale ombi linapoingia, kisha tarehe inapitishwa kwenda chini. Jaribio linaweza kudai jibu la tarehe 28 Februari 2023, la tarehe 29 Februari 2024, au la usiku wa mwaka mpya, bila kusubiri siku hizo zifike. Pale ambapo usomaji wa saa umezama ndani mno, maktaba kama freezegun inaweza kuisimamisha saa wakati wa jaribio. Mimi huitumia kama gongo la mgonjwa, kwa muda, kwa sababu ikizoeleka hakuna anayerudi kuuondoa usomaji huo pale ulipo.

Tatizo la mwisho wa mwezi lina tabia yake. Mkopo uliotolewa tarehe 31 Januari ukisogezwa mwezi mmoja mbele kwa `replace(month=2)`, Python hutupa hitilafu ya `ValueError`, kwa kuwa hakuna tarehe 31 Februari. Jaribio lililoandikwa tarehe 15 kwa kutumia tarehe ya siku hiyo halitaliona jambo hili kamwe. Tena hapa mwanaprogramu hana haki ya kuamua peke yake kama rejesho liangukie siku ya mwisho ya Februari au tarehe 1 Machi. Aende kwa mhasibu wa chama, apate kanuni, kisha kanuni hiyo aiandike kama jaribio.

Jibu ni lilelile, lakini mpangilio au senti zinatofautiana

Ikiwa orodha inarudi na vitu vyote ila kwa mpangilio tofauti, angalia kwanza ombi la hifadhidata. PostgreSQL haiahidi mpangilio wowote pasipo `ORDER BY`, hata kama kwa miezi mingi safu zimekuwa zikirudi kwa mfuatano wa kuingizwa. Katika Python angalia pia seti za maneno, kwa kuwa tangu toleo la 3.3 mpangilio wake unaweza kubadilika kila programu inapoanzishwa. Kama mpangilio una maana kwa mtumiaji, uuweke kwenye msimbo. Kama hauna, jaribio lilinganishe bila kuujali.

Senti ni jambo la hesabu za desimali zinazotunzwa kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 tu. Jumla ya 0.1 na 0.2 katika Python ni 0.30000000000000004, na `round(2.5)` hurudisha 2, si 3 kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu nusu hukadiriwa kuelekea namba shufwa iliyo karibu. Fedha zitunzwe kwa `Decimal` au kwa namba kamili, na kanuni ya kukadiria itajwe waziwazi. Jaribio ninalolipenda zaidi hapa halina hata jibu moja lililoandikwa mapema: linachukua mkopo wowote, linaugawa katika marejesho, kisha linadai kwamba jumla ya marejesho yote ilingane na mkopo. Mkopo wa shilingi 100,000 ukigawanywa kwa miezi mitatu hutoa 33,333 mara tatu na shilingi moja inabaki bila mwenyewe. Jaribio hilo liliikamata mara ya kwanza lilipoendeshwa.

Jaribio linahitaji intaneti, au linashindwa pale seva ya mtu mwingine inapolala

Malipo ya simu ni mfano mzuri wa programu ngumu kujaribu, kwa sababu jibu haliji pale pale. Mfumo unatuma ombi, mtoa huduma anajibu kwamba amelipokea, mwanachama anaona ujumbe kwenye simu na kuingiza namba yake ya siri, na baadaye kidogo mtoa huduma anatuma ujumbe wa matokeo kwenye anwani tuliyompa. Msimbo niliourithi ulifanya yote hayo ndani ya kitendakazi kimoja cha mistari zaidi ya 200: uliunda ombi, ukalituma, ukasoma jibu, ukaandika hifadhidata na kumtumia mwanachama ujumbe mfupi.

Jambo la kwanza la kufanya si kutafuta maktaba ya kuigiza mtandao. Kwanza tenganisha maamuzi na matendo. Kuunda ombi kutokana na namba ya simu na kiasi ni hesabu tupu, na hapo ndipo makosa mengi hujificha: mwanachama mmoja huandika namba yake akianza na 07, mwingine akianza na +255, mwingine 255 bila alama ya kujumlisha, na wote watatu wanapaswa kutoa namba moja. Kufasiri ujumbe wa matokeo nako ni hesabu tupu: maandishi yanaingia, uamuzi unatoka. Baada ya kutenganisha, kilichobaki kinachogusa mtandao kwetu kilikuwa mistari kama 20, ambayo haina masharti wala matawi ya kupotea.

Kwenye mistari hiyo michache ndipo unaweza kuweka kiigizo, ambacho wengi wetu hukiita moki. Hatari ya moki ni kwamba huigiza dunia jinsi mwandishi wake anavyoidhani. Moki yetu ilirudisha kiasi kama namba, ilhali mtoa huduma alikirudisha kama maandishi. Majaribio yote yalipita, na siku ya kwanza ya matumizi halisi hakuna rejesho lililosajiliwa. Tangu hapo tunarekodi majibu halisi kutoka mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, tunafuta taarifa za watu, tunayahifadhi kama faili, na moki inasoma faili hizo. Jaribio jingine, linaloendeshwa mara moja kila usiku na lisilozuia kazi ya mtu yeyote, hupiga hodi kwa mtoa huduma mwenyewe na kulinganisha umbo la jibu lake na faili tulizonazo.

Kisha fikiria njia zote ambazo ujumbe wa matokeo unaweza kufika vibaya, kwa sababu kuzingoja zitokee zenyewe ni kumwachia mwanachama kazi ya kujaribu mfumo. Ujumbe unaweza kufika mara mbili, na jaribio lidai kwamba deni limepungua mara moja tu. Kinga ya kweli hapa ni sharti la upekee kwenye namba ya muamala ndani ya hifadhidata. Unaweza kufika kabla ya jibu la ombi letu la awali kuhifadhiwa. Unaweza pia usifike kabisa, na hapo mfumo uwe na kazi ya kuuliza hali ya muamala baada ya muda fulani. Muda huo nao ni kigezo, ili jaribio lisilazimike kusubiri dakika tano.

Kosa dogo linalopoteza siku nzima: katika Python, moki huwekwa mahali jina linapotumika, wala si mahali lilipozaliwa. Ikiwa moduli ya `marejesho` ilileta kitendakazi `tuma` kutoka moduli ya `simu`, basi kinachobadilishwa ni `marejesho.tuma`. Ukibadilisha `simu.tuma`, jaribio litaendelea kupiga mtandao wa kweli huku ukiamini umelifungia.

Likiwa peke yake linapita, likiwa na wenzake linashindwa

Kuna kitu kinachoshirikiwa: thamani ya moduli, akiba ya muda (cache), faili, au safu ya hifadhidata iliyoachwa na jaribio jingine. Kumtafuta mkosaji kwa kusoma msimbo kunachosha. Mtafute kwa kugawa nusu. Endesha nusu ya majaribio yanayotangulia pamoja na lile linaloshindwa. Likishindwa, mkosaji yumo katika nusu hiyo, likipita yumo katika nyingine. Majaribio 400 huhitaji hatua tisa tu hivi. Baada ya kumpata, usiishie kumsafishia nyuma yake; uliza kwa nini kitu hicho kinashirikiwa kabisa.

Inafaa pia kuvuruga mpangilio wa majaribio kwa makusudi kila yanapoendeshwa, na kuchapisha namba iliyotumika kuvuruga ili mpangilio ulioleta kosa uweze kurudiwa.

Majaribio yote ni ya kijani, yaani yanapita, na mfumo halisi unaharibika

Dalili hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na chanzo chake cha kawaida ni mazingira mawili yanayodhaniwa kuwa moja. Kwa ajili ya kasi, wengi huendesha majaribio kwenye SQLite, hifadhidata nyepesi inayokaa katika faili moja, na mfumo kwenye PostgreSQL. Hizi si hifadhidata moja yenye majina mawili. SQLite haizuii maandishi marefu kuliko urefu uliotangazwa kwenye `VARCHAR`, na `LIKE` yake haitofautishi herufi kubwa na ndogo za Kilatini, ilhali ya PostgreSQL hutofautisha. Lililotuuma sisi ni kufuli, yaani kuifunga safu ili mwingine anayetaka kuibadilisha asubiri zamu yake: Django ikitumia SQLite, `select_for_update()`, inayoomba kufuli hiyo, haifanyi chochote, tena kimyakimya.

Chukua akaunti yenye akiba ya 50,000 na maofisa wawili wanaoidhinisha kutoa 40,000 kwa wakati mmoja. Wote wanasoma 50,000, wote wanaona inatosha, wote wanaandika 10,000, na chama kimetoa 80,000. Hata sharti la hifadhidata kwamba salio lisishuke chini ya sifuri halitalalamika, kwa kuwa 10,000 si hasi. Kufuli ndiyo inayozuia hili, na jaribio kwenye SQLite haliwezi kukuambia kama ipo au imesahaulika.

Watu hujaribu hali hii kwa kuanzisha nyuzi mbili (threads), yaani sehemu mbili za programu zinazokwenda sambamba, na kutumaini zitagongana, kisha wanaongeza `sleep` hapa na pale mpaka kosa lionekane kwenye kompyuta yao. Jaribio la namna hiyo litakuwa kigeugeu maisha yake yote. Njia ya uhakika, kwenye PostgreSQL na kwa `TransactionTestCase`, ni hii: uzi wa kwanza unafungua muamala wa hifadhidata na kupunguza salio hadi 10,000 bila kuthibitisha (commit), uzi wa pili unaita kitendakazi halisi cha kutoa 40,000, jaribio linasubiri hadi orodha ya shughuli za hifadhidata, `pg_stat_activity`, ionyeshe kwamba uzi wa pili umekwama ukisubiri kufuli, ndipo uzi wa kwanza unathibitisha. Kama kitendakazi kiliomba kufuli kabla ya kusoma, uzi wa pili utasoma 10,000 na kukataa. Kama hakikuomba, utakuwa ulishasoma 50,000 kabla ya kukwama, na utatoa fedha. Matokeo ni yaleyale kila mara, kwa sababu mpangilio wa matukio umeamuliwa na jaribio badala ya kuachiwa bahati.

Nimetaja `TransactionTestCase` kwa sababu `TestCase` ya kawaida ya Django hufunga kila jaribio ndani ya muamala ambao mwishoni hutenguliwa. Ni ya haraka na safi, lakini uzi mwingine hauwezi kuona data zisizothibitishwa, na kazi zilizopangwa kwa `on_commit`, zinazongoja muamala uthibitishwe, haziendeshwi humo isipokuwa uzikamate kwa `captureOnCommitCallbacks`, iliyokuja na Django 3.2. Ujumbe mfupi usiotumwa ndani ya jaribio mara nyingi chanzo chake ni hapa.

Nje ya hifadhidata, angalia majina ya faili. Mac na Windows kwa kawaida hazitofautishi `Risiti.html` na `risiti.html`, ila Linux ya seva hutofautisha.

Huwezi kuanza, kwa sababu kugusa kitu kimoja kunaamsha mfumo mzima

Hapa mwanaprogramu yuko kwenye kitanzi: hathubutu kubadilisha msimbo bila majaribio, na hawezi kuandika majaribio bila kubadilisha msimbo. Mlango wa kutokea ni kuandika kwanza majaribio yasiyohukumu. Uchukue mfumo kama ulivyo, uupe maingizo mengi ya kweli yaliyoondolewa majina, uhifadhi kila kinachotoka, na jaribio la kwanza lidai tu kwamba kesho kitoke kilekile. Katika kazi hiyo tuligundua kwamba faini ya kuchelewa ilihesabiwa mara mbili kwa aina moja ya mkopo. Hatukulirekebisha kosa hilo siku hiyo. Tuliliandika kama lilivyo, tukamjulisha mhasibu, na tukalirekebisha baadaye kwa badiliko lake lenyewe, kwa sababu ukichanganya kusafisha na kurekebisha hutajua tena ni kipi kilichobadilisha jibu.

Baada ya wavu huo kutandazwa, tafuta sehemu ndogo inayoweza kubanduliwa kwa usalama. Mara nyingi ni mambo mawili: darasa linalofungua muunganisho wa hifadhidata ndani ya `__init__`, ambalo sasa lipokee muunganisho uliokwisha kufunguliwa, na moduli inayofanya kazi wakati wa kuletwa tu, kwa mfano kusoma faili ya mipangilio, ambayo ifanye hivyo pale inapoitwa.

Vifaa navyo hubanduliwa vivyo hivyo. Mfumo wetu ulichapisha risiti kwenye printa ndogo, na kwa muda mrefu ilisemwa kwamba sehemu hiyo haijaribiki bila karatasi. Printa hupokea mfuatano wa baiti. Jaribio likiulinganisha mfuatano huo, karatasi inabaki kuwa jambo la kukagua kwa macho siku printa mpya inaponunuliwa.

Jaribio halijawahi kushindwa tangu lizaliwe

Liharibie msimbo wake kwa makusudi. Geuza `<` kuwa `<=`, futa mstari mmoja, rudisha sifuri. Jaribio likiendelea kupita, halijaribu kitu. Nimekuta majaribio ambayo dai lake lilikuwa ndani ya kitanzi (loop) kinachopitia orodha iliyokuwa tupu, kwa hiyo halikufikiwa hata mara moja, na mengine yaliyodai tu kwamba moki inarudisha kile moki ilichoambiwa irudishe. Katika matoleo ya zamani ya Python, kuandika `called_once_with` bila kutanguliza `assert_` kulipita kimya, kwa sababu moki hukubali jina lolote inaloitwa. Kuiunda kwa `autospec` huifanya ikatae majina ambayo kitu halisi hakina.

Chanzo hakijapatikana, na watu wanasubiri

Litenge jaribio hilo katika kundi lake ili lisizuie kazi za wengine, uandike juu yake tarehe ya kutengwa na jina la anayelishughulikia, na uliache liendelee kuendeshwa kila siku. Kila likishindwa lichapishe saa ya UTC na ya hapa, namba ya kuvuruga mpangilio, toleo la hifadhidata na jaribio lililolitangulia. Kwetu, lile la saa sita usiku lilipatikana kwa njia hii: orodha ya saa lilizoshindwa ilipofika mistari saba, yote ikiwa kabla ya saa tisa usiku, hapakuwa na haja ya kuendelea kusoma msimbo.